Kupakwa Mafuta Ukiwa Umesimama

Nilipokuwa mtoto, mikono ya mama yangu ilimwacha kabla miguu yake haijamwacha. Haikuvunjika, haikuvimba, haikuwa na kidonda cha kumwonyesha mtu. Asubuhi ilikuwa mikono kama ya mama yeyote wa lain yetu: inachota maji, inasonga ugali, inanipiga kofi nikichelewa kuamka. Jua likifika utosini imekwisha. Alikuwa akianza kunisuka anafika katikati ya kichwa, halafu mikono inashuka yenyewe mapajani na kulala pale kama vitu vya mtu mwingine. Nilikwenda mtoni nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, na watoto wakaniita Mlima na Bonde.

"Waache wacheke," mama alisema. "Mikono yangu imechukua likizo. Hata haikuaga."

Huyo ndiye alikuwa mama. Angeweza kumchekesha askari aliyekuja kumkamata.

Sisi si watu wa Kericho. Baba na mama walitoka kando ya ziwa, wakapanda huko juu miaka ile ya thelathini wakati chai bado ilikuwa mgeni na misitu ilikuwa ikikatwa kila kukicha ili ipate mahali pa kukaa. Baba alisukumia kuni kwenye bwela, lile pipa la mvuke la kiwanda. Mama alichuma. Nyumba tulipewa kwenye lain, yaani zile safu za vibanda vya wafanyakazi, na sheria ya lain kila mtoto aliijua kabla ya kujua kuomba: nyumba ni ya mtu anayefanya kazi, mume na mke wote wawili. Mgonjwa alikuwa na ruhusa ya kulala, ila ilibidi aonekane mgonjwa.

Na mama hakuonekana mgonjwa. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na sioni sababu ya kuificha. Nyapara alimtazama akasema ni uvivu wa wanawake wa ziwani, waliozoea kukaa wakingoja samaki wajilete. Dresa wa dispensari ya shamba alimshika kifundo cha mkono, akamtazama ulimi, akasema, "Uchovu si ugonjwa, mama. Kila mtu amechoka." Halafu, kwa kuwa hakupenda mtu atoke mikono mitupu, akampa haluli. Nauliza: mtu hana nguvu, wewe unampa dawa ya kuharisha? Zile nguvu kidogo alizokuwa nazo alizimaliza akikimbia chooni.

Duka lilikuwa kwenye njiapanda, barabara ya kwenda Sotik. Mwenyewe alikuwa Mhindi kijana asiyeongea sana. Mama yake, mjane wa sari nyeupe, alishinda barazani akichambua mchele na kuona kila kitu. Wajukuu wake walimwita Baa, nasi tukamwita hivyo hivyo. Siku moja mama alipokea mfuko wa chumvi na mfuko ukamponyoka, chumvi ikamwagika sakafuni. Mwenye duka alianza kugomba. Baa akamnyamazisha kwa lugha yao, kisha akamwita mama.

"Wewe mama, kuja. Kaa hapo, kwa ngazi. Nyosha mkono. Hapana shusha. Bado. Bado."

Mkono wa mama ulianza kutetemeka, kisha ukashuka polepole kama bendera jioni.

"Asubuhi iko nguvu, mchana hakuna?"

"Umejuaje, Mama?"

"Shingo pia nachoka? Kutafuna pia?"

"Hata kutafuna. Jana mahindi yalinishinda nikamwachia mtoto."

Mimi sikujua hilo. Nilidhani amenipa mahindi kwa kunipenda.

Baa alisema mwilini mwa mama upepo umezidi, umemkausha misuli kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani. Elimu hiyo jina lake nililijua baadaye sana, Ayurveda, kwa msichana wa Kihindi ninayesoma naye. Siku ile nililoliona ni bibi anayeingia ndani na kurudi na chupa ya mafuta ya simsim na kitambaa chenye unga wa mizizi, rangi ya majivu. Unga uchemshwe kwenye maziwa pamoja na manjano kidogo na samli. Mafuta yapashwe moto, yapakwe mwili mzima.

"Hii mizizi, kwetu jina yake ya farasi. Nusa."

Mama alinusa, akakunja uso. "Kweli kabisa. Na farasi mwenyewe amekimbia kutoka Kisumu."

"Kunywa. Pata nguvu ya farasi."

"Na Bwana wa shamba akisikia nina nguvu ya farasi, Mama, si atanifunga plau?"

Baa alicheka mpaka akashika nguzo. Nilimpenda kwa kicheko kile. Lakini nitasema na hili lingine, maana sipendi watu wanaotuhadithia nusu. Alipofika kwenye kutuonyesha namna ya kupaka, hakumgusa mama. Alipandisha sari yake kidogo, akamwaga mafuta kwenye muundi wake mwenyewe, akaonyesha hapo: kwenye mfupa mrefu mkono unakwenda mrefu, kwenye goti unazunguka. Mama alikuwa ngazini, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwake, na mwili wenye ugonjwa ulikuwa wa mama. Kwa mila yao Baa hakugusa watu kama sisi. Alikuwa na dawa, alikuwa na huruma, na hakuwa na mkono wa kutugusa. Angemgusa, labda mama angepakwa palepale barazani, na yaliyofuata yasingefuata.

"Sikia," alisema tukiondoka. "Mafuta, maziwa, kulala. Tatu. Mpaka mwezi nyingine natoka. Hapana chuma, hapana beba kuni. Mafuta bila kulala, sawasawa kupaka mlango."

Bahati ilikuwa upande wetu, kwa muda. Ilikuwa kiangazi, baridi ya alfajiri imeunguza vichipukizi, na wachumaji walikuwa wengi kuliko majani. Nyapara hakumtafuta mama. Maziwa tulipata kwa Mama Chebet, Mkipsigis aliyekuwa na ng'ombe nje ya ua wa shamba. Alituletea kwenye kibuyu, akanusa ule unga, akasema, "Mimi sijui hii ya Wahindi. Lakini mtu anakunywa maziwa kila siku, huyo hatakufa haraka."

Basi kila alasiri mama alilala kwenye mkeka karibu na mlango, jua likimpiga miguuni, baba akipaka upande mmoja na mimi upande mwingine. Nyumba ilinuka simsim na moshi. Baba alikuwa msomaji kanisani, mtu wa maneno machache, na sikuwahi kumwona akimgusa mama mpaka siku zile. Alimpaka kama anayesafisha kioo cha taa. Mama alifumba macho na kutania, "Polepole, Baba Adhiambo. Si bwela hilo."

Sijui kama ilikuwa mafuta, au maziwa, au kule kulala tu. Najua kwamba alasiri moja aliniita, akanikalisha katikati ya magoti yake, akanisuka kichwa kizima, utosi mpaka kisogo, na mikono haikushuka. Baba alisimama mlangoni akitazama mpaka mwisho, kisha akatoka nje akajifanya ana kazi ya kupasua kuni.

Ndipo Dani akaja. Dani ni bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa amesikia kule ziwani kwamba mke wa mwanawe anakauka, akapanda na kikapu cha samaki wakavu na kuku mmoja. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango akamkuta mama amelala chali, anang'aa mafuta, na sisi wawili tumemwinamia kimya.

Alipiga yowe. Lile yowe la wanawake wa kwetu, ambalo jirani akilisikia haulizi, anakuja tu.

"Mnamwosha? Nyar Seme amekufa, mnamwosha bila kuniita?" Nyar Seme, binti wa Seme, ndivyo alivyomwita mama.

"Mama, mimi niko," mama alisema kutoka mkekani. "Niko hai, karibu."

Dani hakucheka. Alikaa chini kwa nguvu. Kwao, alisema, mtu aliye hai hujipaka mafuta mwenyewe, au hupakwa akiwa amekaa, amesimama, mtoto hupakwa akiwa amebebwa. Anayelazwa akapakwa na mkono wa mwingine ni maiti peke yake. Ukimfanyia hivyo aliye hai, umeonyesha mauti njia. Yatakuja kumchukua aliyekwisha kutayarishwa. "Dada yangu alipakwa hivyo akiwa na homa," alisema. "Hakuinuka. Msiniambie mimi."

Nimewauliza Wajaluo wenzangu hapa chuoni kuhusu sheria hiyo. Wengi hawajaisikia, mmoja aliniambia nimeitunga. Pengine ilikuwa ya ukoo wetu tu, au ya Dani na dada yake tu. Lakini siku ile, mbele ya majirani waliojaa mlangoni, ilikuwa sheria kuliko zile za Musa.

"Sisi ni watu wa Kristo, Mama," baba alisema.

"Kristo alipakwa lini? Si alipokuwa anakwenda kaburini?"

Mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Lo, amemshika msomaji wetu." Mama ndiye aliyetafuta suluhu, maana hakupenda watu wagombane juu ya mwili wake kama juu ya mpaka wa shamba. Alisema, "Basi nipakeni nikiwa nimesimama. Mafuta ni yaleyale."

Dani alikubali. Hata alishukuru. Tangu kesho yake mama alisimama ameshika nguzo ya katikati ya nyumba, na Dani mwenyewe akampaka, kuanzia mabegani mpaka visigino, kwa mikono migumu yenye upendo ambayo siwezi kuisema vibaya. Na kwa kuwa kulala kumekwisha kuwa jambo la kutisha, kila mama alipojinyoosha mchana Dani alimwamsha: "Kaa, mwanangu. Egemea hapa. Usilale na hayo mafuta mwilini." Maziwa alikunywa. Mafuta alipakwa. Kulala kulitoka kwenye dawa, na hakuna aliyeona kwamba kitu kimetoka, kwa sababu kile kilichotoka hakikuwa na chupa.

Kisha mvua zikaja. Watu wa chai wanajua: mvua ya kwanza ikipiga, vichaka vinachipuka vyote pamoja kama vimepigiwa filimbi, na shamba linataka kila mkono. Nyapara alipita lain nzima akigonga milango kwa fimbo. Kwetu alikuta mama amesimama kwenye nguzo, Dani nyuma yake na karai la mafuta.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Ni mgonjwa," baba alisema. "Anatibiwa."

"Mgonjwa analala. Mimi naona mtu amesimama. Anayeweza kusimama anaweza kuchuma."

Baba alieleza. Nyapara alisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia, kisha akasema kwamba ikiwa hawezi kuchuma nyumba ina mwenyewe mwingine anayengoja, mwenye wake wawili wenye mikono. Nilimwangalia mama. Alikuwa anamwangalia Dani, si kwa lawama, bali kama mtu anayetaka kucheka na hakumbuki tena kicheko kinaanzia wapi.

Akarudi shambani. Dani alimpaka alfajiri amesimama, na yale mafuta ya moto yalimpa nusu ya asubuhi. Alichuma, majani mawili na kichipukizi, akatupia kikapuni mgongoni, mpaka saa ile mikono ilipomwacha. Baadaye ikawa inamwacha mapema. Mimi niliruhusiwa kwenda naye na nilichuma kilicho chini, yeye cha juu, na jioni vikapu vyetu havikutofautiana sana.

Sasa sikilizeni kilichoondoa mafuta. Haikuwa Dani, haikuwa mila. Chai hula harufu. Jani bichi ukiliweka karibu na kitunguu linanuka kitunguu mpaka kikombeni. Kwenye banda la kupimia, bwana mdogo Mzungu aliingiza pua kwenye kikapu cha mama akaitoa haraka. Simsim. Mikono ya mama ilikuwa imeingia kwenye majani siku nzima na kuyapaka dawa yake. Kikapu kilimwagwa chini, na vikapu jirani vikamwagwa pia, na wanawake wenye vikapu hivyo wakamtukana mama kwa lugha tatu. Amri ikatoka: mchumaji asipakwe mafuta ya aina yoyote. Ni amri ya busara, kwa chai. Wale waliokunywa chai ile kule ilikokwenda hawakunusa chochote cha mama yangu.

Basi ikabaki kazi peke yake. Hakuna kulala, hakuna mafuta. Maziwa hakuweza tena kuyameza vizuri, yalimrudi puani. Alianguka kati ya mistari ya vichaka asubuhi yenye ukungu. Nilidhani ameinama kuchuma cha chini anisaidie.

Walimbeba nyumbani kwa gunia. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, na kichwa ilibidi kishikiliwe. Dresa alikuja, akasema apelekwe hospitali ya serikali. Gari la shamba lilikuwa limebeba chai kwenda stesheni. Baba alikimbia mpaka kwa Baa. Alirudi na chupa na maneno yake: Baa aliuliza swali moja tu, kama mama alilala mpaka mwezi ulipotoka. Baba aliposema hapana, aliingia ndani, akaleta chupa, na safari hii aliitia mkononi mwa baba, kiganja kwa kiganja.

Mama aliiona ile chupa. Akamwita Dani kwa macho.

"Nilaze," alisema. Ilibidi tuiname kumsikia. "Nilaze unipake. Nimechoka kusimama."

"Mwanangu, usiniombe hilo."

"Baridi, Mama."

Dani alitutazama, baba kisha mimi. Aliamini, kama alivyoamini kwamba jua litakuchwa, kwamba akitia tone moja tu la mafuta pajani mwa mama huku mama amelala, anamuua kwa mkono wake. Aliliamini hilo kabisa. Kisha akapasha mafuta, akaketi mkekani, akamlaza mama, akampaka. Kwenye mfupa mrefu mkono ulikwenda mrefu, kwenye goti ukazunguka. Siku ile alipotukuta alikuwa ametutazama zaidi ya tulivyodhani. Mama alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alasiri hiyo hiyo pumzi ikaisha.

Lain nzima ilisema Dani aliona mbali. Alionya, wakabisha, likatimia. Mpaka leo ukienda kule utaambiwa kisa cha mwanamke wa ziwani aliyepakwa mafuta amelala. Na Dani mwenyewe aliishi miaka mingi baadaye, akikataa kumsuka mtoto, akikataa kumbeba mgonjwa, akiificha mikono yake ndani ya shuka hata kanisani. Hakuna aliyemwambia kwamba hakuua. Baba hakumwambia. Tulikuwa tunaomboleza, na lawama ikishapata mtu wa kuibeba, wengine hupumzika.

Hapa chuoni Kampala, ambako sisi wasichana ni wachache na lazima tuseme kwa sauti ili tusikike, tulifanya mdahalo kwamba mila ndizo zinazowaua watu wetu. Kijana mmoja mwenye tai shingoni alieleza vizuri sana ujinga wa bibi zetu. Akapigiwa makofi. Nilisimama nikamuuliza: katika nyumba ambamo bibi anakataza kulala, na nyapara anakataza kulala, na dresa anasema uchovu si ugonjwa, ni nani kati yao mwenye ujinga na ni nani mwenye faida? Alisema natoka nje ya hoja. Huenda. Sikushinda mdahalo ule.

Na mimi mwenyewe nilimchukia Dani miaka yote ya utoto. Ilikuwa rahisi, alikuwa karibu, alikuwa mzee, alikuwa wetu. Nyapara nilimwogopa, bwana wa shamba sikuwahi hata kumwona uso, Baa alikuwa barazani kwake. Chuki ya mtoto humwendea anayeweza kuifikia. Leo siwezi kusema dawa ya Baa ingemponya mama. Wanafunzi wa udaktari wananiambia ugonjwa kama ule una jina, na kwamba labda hakuna aliyekuwa na dawa yake, si Wahindi wala Wazungu. Yawezekana. Ninachojua ni kwamba alipolala alinisuka kichwa kizima, na kwamba kupumzika tulikokufanya kuwa kosa ndicho kitu pekee katika tiba ile ambacho hakikuhitaji kununuliwa wala kuagizwa kutoka ng'ambo. Tulikuwa nacho nyumbani, kwenye mkeka, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri ya kumwinua.

Siku nyingine, mchana, vitabu vikinishinda, ninavua viatu na kulala kitandani. Mlezi wa bweni akipita huniuliza kama ni mgonjwa.

"Hapana," namwambia. "Nimechoka."

"Umechoka tu?"

"Nimechoka, Mama," nasema, na siinuki.